Tupeane uzoefu: WiFi ya meshi kukatikakatika na makosa ya DNS, Arusha na Moshi

Mleta mada

Wakuu, tuweke hapa mambo yanayofanya kazi kweli, kila mtu ajitambulishe kwa mtaa wake. Meshi ni WiFi ya vifaa kadhaa (nodi) vinavyosaidiana kufunika nyumba; DNS ni kama kitabu cha simu, inageuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Taja tatizo linavyoonekana, kipimo, kisha dawa. "Zima uwashe" tumeshaisikia. Hiyo inatuliza ugonjwa tu, kesho unarudi.

Naanza na kipimo cha kutenganisha, maana mtu anasema "mtandao umekata" kumbe hapo kuna magonjwa matatu. Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri, andika moja baada ya nyingine:

ping 192.168.1.1 (au anwani ya ruta yako)
ping 1.1.1.1
nslookup google.com
nslookup google.com 8.8.8.8

Ya kwanza ikigoma, tatizo liko ndani ya nyumba: mawimbi, nodi au waya. Ya kwanza ikipita na ya pili ikagoma, limekatikia kati ya ruta na nje. Zote mbili zikipita halafu ya tatu ikagoma, hiyo ndiyo DNS. Na kama ya nne inajibu wakati ya tatu imegoma, mkosaji ni ile DNS ambayo ruta yako inawagawia watu.

Pima wakati umekatika, si baada ya kurudi. Njia nzuri ni kuacha madirisha mawili yakitembea, moja ping 192.168.1.1 -t na jingine ping 1.1.1.1 -t. Ukikatika unaona wazi ni dirisha lipi limeanza kulalamika.

Njiro

Kwa nyumba za faiba, chanzo kinachoongoza ni ruta mbili ndani ya nyumba moja. Kile kiboksi cha mtoa huduma ni ruta kamili na kina WiFi yake. Unanunua meshi ya nodi tatu, unachomeka nodi mama (ile kuu) nyuma yake, nayo inajifanya ruta. Zote mbili zikitumia 192.168.1.1 ndipo balaa linapoanza: simu inapata anwani, WiFi inaonekana imejaa, ila hakuna kinachofunguka.

Dawa ni mbili, chagua moja. Kwanza, badili meshi iwe ya kugawa mawimbi tu; kwenye programu yake utaona "Access Point" au "AP Mode". Hapo kiboksi cha mtoa huduma ndicho kinagawa anwani. Hasara yake, kwenye meshi nyingi unapoteza vitu kama kuwapangia watoto muda. Pili, iache meshi iwe ruta lakini uihamishie mtaa mwingine wa anwani, mfano 192.168.50.1.

Kosa lingine: watu huiacha WiFi ya kile kiboksi ikiwa hewani, tena kwa jina na nywila ileile ya meshi. Simu inayotoka sebuleni kwenda chumbani inarukia huko na kupewa anwani ya mtaa mwingine, na kwa sekunde kadhaa kila kitu kinaganda. Angalia anwani ya simu ukiwa sebuleni, kisha ukiwa chumbani. Ikitoka 192.168.50.x ikawa 192.168.1.x, zima WiFi ya kiboksi.

Na kama meshi yako ni ruta, waya wa nodi za pembeni utoke kwenye nodi mama, au kwenye swichi iliyo nyuma ya nodi mama. Usiuchomeke kwenye kiboksi cha mtoa huduma. Nodi itakuwa imekaa nje ya uzio wa mtandao wako, na itakuwa inapotea na kurudi bila sababu unayoiona.

Soweto, Moshi

Kwenye DNS: weka namba kwenye ruta, sehemu ya DHCP (inayogawa anwani) au Internet, usihangaike na simu moja moja. 1.1.1.1 na 8.8.8.8 zinatosha. Usidhani ya pili ni spea inayosubiri ya kwanza ife. Vifaa vingi vinaitumia yoyote, kwa hiyo zote mbili ziwe nzima.

Kama tatizo liko kwenye simu moja tu na wengine wanapeta, tazama "Private DNS" kwenye Android (ipo tangu Android 9). Pale panatakiwa jina, mfano dns.google au one.one.one.one, ukiandika 8.8.8.8 inakataa. Ukikosea herufi moja, simu itasema imeunganishwa bila intaneti, nawe utailaumu meshi mwezi mzima. Irudishe kwenye "Automatic" kwanza, ndipo upime. Na VPN (programu ya kupitisha intaneti kwa njia ya siri) iliyosahaulika ikiwa imewashwa hufanya yaleyale.

Kwenye Windows, baada ya kubadili DNS, andika ipconfig /flushdns, la sivyo kompyuta itaendelea kutumia majibu ya zamani.

Sekei

Mkuu wa Soweto, hapo kwenye 1.1.1.1 nakubishia kidogo. DNS ya mtoa huduma mara nyingi iko karibu zaidi, na ndiyo inayosaidia video na picha kutoka kwenye seva ya jirani badala ya ng'ambo. Ikiwa nslookup ya kawaida inajibu haraka kila saa, iache. Badilisha ile inayogoma au inayosuasua jioni.

Jambo jingine, si kila kukatika kuna dawa nyumbani. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na nchi nzima ikayumba. Siku ya namna hiyo ukibofya "reset" unapoteza mipangilio yako bure. Muulize kwanza jirani anayetumia kampuni nyingine.

Moshono

Tuje kwenye mawimbi. Pakua programu ya kupima WiFi kwenye simu, simama pale unapotaka kuweka nodi ya pili, usome nguvu ya nodi mama kwenye 5 GHz. Kipimo ni dBm, namba hasi; ikikaribia sifuri ndivyo mawimbi yana nguvu zaidi. Kati ya -50 na -65 dBm, weka hapo. Ikishuka hadi -75, sogea nyuma. Watu huiweka nodi kwenye chumba chenye mtandao mbovu, nayo inapokea ubovu na kuugawa. Mahali pake ni katikati ya njia, ambako mawimbi bado yana nguvu.

Nyumba zetu ni za tofali za bloku na nondo. Ukuta mmoja unavumilika, kuta mbili jihesabu, slabu ya ghorofa hesabu kama kuta mbili. Kioo kikubwa, friji na tangi la maji vyote ni vizuizi. Na kwa walio kwenye viwanja vyenye migomba kati ya nyumba kubwa na nyumba ya uani: majani mabichi yamejaa maji, yakilowa mvua ya masika 5 GHz inazama. Ile meshi iliyofanya kazi vizuri Januari ikayumba Aprili haijaharibika.

Nodi isiyo na redio ya ziada ya kuongea na nodi nyingine inapokea na kutuma kwa redio ileile, kwa hiyo kila ukipita nodi moja kasi inapungua karibu nusu. Nodi tatu zilizopangwa kama treni ni mzigo. Nodi mama ikae katikati, nyingine ziizunguke.

Usa River

Waya unamaliza hayo yote. Ila chunga unachouziwa. Kata kipande, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukikuta weupe ndani ya ile rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa. Inavunjika kwenye plagi, na mtandao unakatika ukigusa meza. Taka Cat5e au Cat6 ya shaba tupu, isizidi mita 100. Rangi kwa mpangilio wa B (T568B): mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia, pande zote mbili sawa. Nodi ikionyesha 100 Mbps badala ya 1000, kuna uzi haujashika, na mara nyingi ni wa bluu au wa kahawia. Kata plagi, fanya upya.

Kutoka nyumba hadi nyumba usivute shaba hewani. Radi ikipiga jirani inapita humo na kuua milango ya vifaa pande zote mbili. Vuta faiba, weka kigeuzi cha faiba kwenda waya wa kawaida kila upande.

Shanty Town, Moshi

Umeme! Tanesco ikirudi, nodi inawaka mapema, kiboksi cha faiba bado kinatafuta mstari. Baadhi ya meshi hukata tamaa na kukaa bila anwani hadi uizime tena. UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 kwa kiboksi na nodi mama inatosha, lakini soma adapta zako kwanza. Nyingine ni volti 9, ukichomeka 12 umeunguza.

Hesabu yake: 8800 mAh iliyoandikwa kwenye UPS ni ya betri za volti 3.7, yaani kama Wh (wati-saa) 32. Toa upotevu, zibaki 28. Kiboksi na nodi vikila wati 16, una saa moja na dakika 45. Wauzaji watakwambia saa nane.

Taa ya LOS kwenye kiboksi cha faiba ikiwa nyekundu wakati umeme upo, acha meshi kabisa. Ni mstari wa faiba. Angalia haujakunjwa nyuma ya kabati, kisha piga simu.

Majengo

Kwa kifupi: 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11, upana 20 MHz. 5 GHz kaa kwenye 36 hadi 48. Kuanzia 52 hadi 144 ni chaneli za kupisha rada; kifaa kikidhani kimesikia rada lazima kihame, na kabla ya kutumia chaneli nyingine ya aina hiyo kinasikiliza dakika nzima. Ndiyo ule mkatiko wa dakika moja usioeleweka.

Wenye gesti: ruta ikigawa anwani 100 kwa saa 24, wageni wengi wanaopishana ndani ya siku moja wanazimaliza, na mgeni mpya anaona "Obtaining IP address" haiishi. Shusha muda wa kushikilia anwani hadi saa 2.

Ngaramtoni

Tuseme simu zote ziko sawa ila runinga na kamera ya getini zinadondoka kila siku?

Majengo

Hizo nyingi zinajua 2.4 GHz tu. Fungua mtandao wa wageni au wa vifaa wenye 2.4 peke yake, ulinzi WPA2 badala ya WPA3, na uzime "Fast Roaming" (kuhamisha kifaa haraka kati ya nodi). Kamera ikikubali, ifunge kwenye nodi iliyo karibu na geti ili isihamehame.