Nafleshi simu, sasa nataka kufleshi Subaru. Nianzie wapi?

FundiSimu_Isevya

Wakuu, mwangaluka. Mimi ni fundi simu hapa Tabora, kibanda changu kiko Isevya, na nimefleshi simu, yaani kuziandikia programu upya, tangu enzi za vitufe. Mwaka huu nimejikaza nikanunua Subaru Impreza WRX ya 2004 kwa mtu wa Mwanza. Injini ni EJ20 yenye tabo, gia za mkono. Aliyeniuzia alishatoa masega, kile kichujio cha kusafisha moshi, kwenye eksozi. (Hapa kwetu ukitaja masega mtu anafikiria asali. Nilimwambia mama gari haina masega, akauliza nyuki wameenda wapi.)

Tatizo ni hili: nikikanyaga mafuta kwenye gia ya tatu, ikifika mizunguko 4,000 hivi kwa dakika inakata ghafla, unarushwa mbele kama umeshika breki, halafu inarudi. Nimesoma kwamba kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, inafunga nozeli za mafuta tabo ikizidisha presha. Nimeshusha ECUFlash na RomRaider, programu za kusoma na kubadili kompyuta hiyo, zote za bure, na kebo nimeagiza. Nikafungua faili la WRX nililolikuta mtandaoni, namba ya ukomo wa presha nimeiona kwa macho yangu.

Nikiipandisha tu nikaandika, si itaacha kukata? Naona ni kama kutoa loki kwenye simu. Halafu nataka kuijua hii kazi yenyewe, si kutengeneza gari langu tu. Nielekezeni.

Altezza_Kgm

Uza hiyo, chukua Altezza. Haina tabo, haina drama. Mimi nazunguka nayo Kigoma mpaka Ujiji mwaka wa nne, boneti nafungua siku ya servisi tu.

Utani kaka. Ila kuna watu wanauza faili zilizoshapangwa, unalipa, unaandika, unaondoka. Kwa nini ujitese?

MzeeKontroliBoksi

Mdogo wangu wa Isevya, mteja akikuletea simu iliyotumbukia kwenye ndoo ya maji, unaifleshi? Unaifungua kwanza. Sasa mbona gari unataka kuanza na programu?

Huo ukomo unaotaka kuupandisha ndio umekuokolea pistoni mpaka leo. Kontroli boksi inaona presha imepita kiasi, inakata mafuta ili injini isipasuke. Ukiupandisha, kweli haitakata. Itaendelea kupanda mpaka ringi zikate, halafu utakuja hapa kuuliza bei ya nusu injini.

Tafuta kwanza kwa nini presha inazidi. Tabo inapunguzwa nguvu na kilango chake, westigeti. Kilango hicho kinasukumwa na presha inayopita kwenye mpira mwembamba, unene kama kidole kidogo. Mpira ukipasuka, kilango hakipati habari, hakifunguki, tabo inazunguka bila breki. Ukichanganya na eksozi isiyo na masega, moshi unatoka bila kizuizi, presha ndiyo inapanda zaidi. Mpira wenyewe uko karibu na tabo, unapikwa na joto kila siku, na gari lako lina zaidi ya miaka ishirini.

Zima injini, iache ipoe, uufuate mpira huo kwa vidole mwanzo hadi mwisho. Usiutazame tu, ukunje, maana ufa unajificha upande wa chini. Na ukiubadilisha uangalie ndani: kwenye mipira hiyo kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu kama la sindano. Mafundi wengi wanakitupa pamoja na mpira mbovu wakidhani ni uchafu. Kihamishie kwenye mpira mpya, mahali palepale.

Kuhusu kujifunza: anza kwa kusoma, kuandika kutakuja. RomRaider inarekodi gari likitembea. Rekodi presha, mzunguko, muwako (wakati plagi inapotoa cheche) na marekebisho ya kugonga, pale petroli inapolipuka vibaya ndani ya silinda. Utaona namba inayoitwa IAM. Kwenye kontroli boksi za zamani inafika 16, za baadaye mwisho wake ni 1. Ikiwa juu kabisa, kompyuta inaiamini petroli yako. Ikishuka, imesikia injini ikigonga na imerudisha muwako nyuma. Injini hizi Japani zilipangiwa petroli ya oktani ya juu, karibu 100. Hapa unaweka unayoikuta.

Jambo moja linawapiga chenga wageni. Tabora tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ya kawaida hapa ni kama 0.88 ya baa, si 1. Rekodi ikikuonyesha 2.1 kwa presha kamili, yaani pamoja na ya hewa ya kawaida, toa 0.88. Tabo inasukuma 1.2, si 1.1. Ndogo, lakini mtu wa Dar akikupa namba zake usizichukue kama zilivyo.

Siku ukifika kuandika, soma kwanza faili la gari lako na utunze nakala mahali pawili. Lile la mtandaoni achana nalo, kila faili lina namba yake ya utambulisho na WRX mbili za mwaka mmoja zinaweza kutofautiana. Chini ya dashibodi kuna soketi mbili za kijani, unaziunganisha ndipo kontroli boksi ikubali. Ukiwasha swichi feni itawaka na kuzima yenyewe, taa ya cheki injini itapepesa, usishtuke. Betri ya gari iwe na chaja, laptopu imejaa. Ikizima katikati unajua kinachotokea, kwenye simu umeshakiona.

Mchanganyiko wa hewa na petroli usiuguse bila gauji ya kuupima yenye sensa kama Bosch LSU 4.9. Ukienda taratibu unataka 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli, ukikanyaga mpaka mwisho iwe kwenye 11. Sensa ya kiwandani kwenye namba za chini hivyo haiaminiki.

Na tafadhali usipimie barabara ya Nzega jioni. Mkokoteni wa ng'ombe hauna taa ya nyuma.

Altezza_Kgm

Mzee, nafuta nilichoandika kuhusu kununua faili.

FundiSimu_Isevya

Wakuu, nimerudi. Mpira ule nimeukunja, nje unaonekana mzima kabisa. Nikauzungusha, upande wa chini kuna mpasuko wa kuingiza kucha. Mpya nimekata kwenye duka la spea, buku mbili. Kipande cha shaba kilikuwemo! Kilikuwa kimeziba nusu kwa oili, nimekisafisha kwa waya mwembamba wa kusafishia spika za simu.

Kebo imefika juzi. Nimesoma faili, sijaandika kitu. Leo alfajiri nimerekodi, gia ya tatu mpaka 5,500, barabara tupu, kaka yangu ameshika laptopu. Haikati tena. Presha kamili juu kabisa 1.8, kwa hesabu yako tabo inasukuma 0.92.

Ila IAM yangu ni 11 kati ya 16, na kwenye 4,400 inarudisha muwako nyuzi 2 kila mara, palepale. Nipunguze muwako kwenye jedwali sehemu hiyo?

MzeeKontroliBoksi

Hapo sasa umeuliza swali la fundi. Bado usiguse jedwali. Tangi lina mafuta ya wapi, na plagi zimebadilishwa lini?

FundiSimu_Isevya

Mafuta nilijaza Nzega nikitoka Mwanza, sijaongeza. Plagi sijui, sijawahi kuzitoa.

MzeeKontroliBoksi

Toa plagi zote nne, zipange kwa mpangilio wa silinda juu ya kitambaa cheupe, upige picha uitume hapa. Kesho tuanzie hapo.