Mrejesho: kodi ya jimbo California kwa sisi tuliojiajiri

Habari zenu wakuu, mwezi wa nne mwaka jana niliuliza, mimi ni mkalimani wa kujitegemea hapa San Diego, hakuna bosi wa kunikata kodi, sasa ile ya jimbo ya kulipa kwa awamu inaendaje? Nimemaliza mwaka mzima, nimerudi kama nilivyoahidi.

Nilidhani California ni kama serikali kuu, robo robo mara nne. Sivyo kabisa! Jimbo wanataka asilimia 30 Aprili 15, 40 Juni 15, Septemba hakuna kitu, halafu 30 Januari 15. Kodi yangu ya mwaka wa nyuma yake ilikuwa dola 1,200 kwa hiyo nikalipa 360, 480, 360, na ukifikisha kiasi kile cha mwaka wa nyuma hupigwi faini hata ukiingiza zaidi (wenye mapato makubwa wana masharti yao). Juni ndo iliniuma, 480 kwa mkupuo na ya serikali kuu siku ileile, nilikaa na simu mkononi karibu nusu saa kabla sijabonyeza.

Nalipia Web Pay kwenye tovuti ya Franchise Tax Board (mamlaka ya kodi ya jimbo), wanakata kutoka akaunti ya benki bure, kadi ndo ina makato. Ila jamani angalieni mwaka! Malipo ya Januari unachagua mwaka ulioisha, mimi nilishaweka mpya nikashtukia ukurasa wa mwisho kabisa.

Dada uliyenishauri nifungue akaunti ya pembeni ya kodi tu, asante mno, imeniokoa.