Nimeuziwa kinanda kwa bei ya gitaa: hizi santuri za nyimbo za kijasusi ni utapeli mtupu

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Miezi miwili nimeisubiri santuri moja kutoka Uingereza. Shemeji yangu ndiye aliyeibeba kwenye begi lake, kaizungushia mashuka isije ikavunjika njiani. Pauni 26. Kwenye kava kuna gari jeusi, mwanamke kashika bastola, wimbi kubwa nyuma yao, na maandishi manene: nyimbo 12 za filamu za kijasusi, zimepigwa kwa gitaa la sefingi, rekodi halisi za 1963 hadi 1965. Jana usiku nimewalaza watoto, nimefunga mlango wa sebuleni, nimeweka sindano. Haikufika hata dakika nikajua nimepigwa.

Wimbo wa kwanza ni ule wa James Bond. Zile noti nne za chini zinazopanda na kushuka kama mtu anayenyata ukutani, kinapiga kinanda. Sawa, nikasema labda wanavuta muda, gitaa linakuja. Gitaa lilipotakiwa kuingia kikaingia kinanda kilekile, kimebadilishwa sauti ili kidanganye. Mwangwi wamemwagia juu juu, na kila noti inakufa palepale kama imekatwa kwa mkasi. Ngoma nazo ni za kompyuta, kila pigo liko sawasawa na lililotangulia, hakuna mkono wa mtu pale.

Kwa wasioujua muziki huu niwaeleze kidogo, maana ndipo dhuluma ilipo. Sefingi ni gitaa la vijana wa pwani ya California walioteleza kwenye mawimbi kwa ubao, miaka ya 1960 mwanzoni. Mwaka 1961 kampuni ya Fender ilitoa kisanduku cha mwangwi chenye springi ndani. Sauti ya gitaa inapitishwa kwenye springi zile, zinatikisika, na mtikisiko ule ndio unaousikia. Mimi ninayo amplifaya kuukuu yenye springi za namna hiyo. Ukiigonga kwa goti inanguruma kama radi. Ukiziba nyuzi kwa kiganja halafu ukapiga kwa piki, kile kipande kidogo cha kukwanyulia nyuzi, inatoa "tok", kama tone la maji lililodondoka ndani ya pipa tupu. Tone hilo ndilo nililolipia pauni 26, na kwenye santuri nzima halipo.

Halafu kuna mkono wa kulia. Dick Dale, ambaye wengi humwita mfalme wa mambo haya, ukoo wa baba yake ulitoka Lebanoni, na nyumbani kwao alikua akisikia udi na ngoma za Kiarabu. Msikilize anavyouanza wimbo wa Misirlou, 1962: uzi mmoja tu, mzito, piki inakwenda juu na chini bila kupumzika. Mtu aliyekulia kwenye taarabu anausikia mkono ule na kuutambua, ni mkono wa mpiga udi uliowekewa umeme. Kinanda hakiwezi kutetemeka vile hata ukikiwekea mwangwi wa pango zima.

Na nyimbo za majasusi hazikuingia kwenye sefingi kwa bahati mbaya. Gitaa la wimbo wa Bond lilirekodiwa London tarehe 21 Juni 1962. Aliyelipiga ni Vic Flick, mpigaji wa studio aliyekodiwa kwa kazi ile, kwenye gitaa kubwa la Clifford Essex la mwaka 1939 lililobandikwa kifaa cha kunasa mtikisiko wa nyuzi, likapitia amplifaya ya Fender Vibrolux. Hakuwa mtu wa mawimbi. Lakini nyuzi za chini, pigo kavu, kiza ndani yake: Wamarekani walipousikia walijua la kuufanya. Mpiga gitaa Billy Strange akaupiga upya kule Los Angeles mwaka 1964. The Ventures, bendi ya magitaa ya Marekani, wakaupiga Secret Agent Man, wimbo wa tamthilia ya kijasusi, mwaka 1966, tena wakiwa na majina yao na sura zao kwenye kava. Sasa mtu anauza vitu vya kuungaunga kwenye kompyuta kwa kutumia heshima ya watu hawa!

Kilichonimaliza kabisa ni tarehe. "Rekodi halisi za 1963 hadi 1965." Geuza upande wa pili. Wimbo wa pili ni You Only Live Twice, filamu ya 1967. Wa tano ni On Her Majesty's Secret Service, filamu ya 1969. Walirekodi vipi mwaka 1965 muziki wa filamu ambazo hazijatengenezwa? Aliyeandika kava lile hakuona hata haja ya kusema uongo unaoshikamana. Alijua wengi tutanunua kwa picha ya gari.

Wimbo wa Mission: Impossible, tamthilia ya runinga ya majasusi, nao wameufanyia ukatili. Lalo Schifrin aliutunga mwaka 1966 kwa mapigo matano kila kipande. Hesabu kwa vidole mezani, utaona mguu unakosa pa kutua, na hapo ndipo wasiwasi unapotoka. Hawa wameunyoosha ukawa mapigo manne, unakwenda kama gwaride la shule. Ndiyo, najua mwaka 1996 Adam Clayton na Larry Mullen wa bendi ya U2 nao waliuweka kwenye mapigo manne kwa ajili ya filamu yake. Siupendi ule pia. Ila wale walisimama kwa majina yao, asiyependa anajua wa kumlaumu. Hapa namlaumu nani? Nimesoma kava mbele, nyuma na mgongoni, nikachukua na tochi ya simu nikasoma kibandiko cha katikati: hakuna jina hata moja la mpigaji. Hata jina la studio hakuna.

Nimemwandikia muuzaji. Jibu lake ni mstari mmoja: muziki ni suala la ladha, na santuri ikishafunguliwa hairudishwi. Ladha gani? Nikiagiza samaki wa kupaka ukaniletea maharage, hatubishani juu ya ladha, umeniletea chakula nisichoagiza.

Tena msije mkaniambia mimi ni mzee nisiyetaka vipya. Bendi ya Laika & the Cosmonauts walitoka Finland, nchi ya barafu, wakaanza 1987 wakati vijana wa California wameshakuwa na wajukuu, na walikuwa na kinanda ndani ya bendi. Nawapenda mno. Kinanda chao kilijitambulisha kuwa kinanda na gitaa lao lilikuwa gitaa. Sina ugomvi na chombo, ugomvi wangu ni na anayeandika kitu kimoja nje akaweka kingine ndani.

Kwa hiyo aliye na santuri ya namna hii nyumbani, aiangalie leo. Atafute majina ya wapigaji, alinganishe miaka ya kavani na miaka ya filamu, kisha aje aseme hapa amekuta nini. Nataka kujua tuko wangapi. Mimi muuzaji nitamwandikia tena kesho, na safari hii nitamwambatanishia ile miaka miwili, 1967 na 1969, anieleze.

Na kama kuna mwenye santuri yoyote ya Billy Strange ya miaka ile, hata ikiwa na mikwaruzo, aje inboksi. Bei tutaelewana. Ila kabla sijatuma senti, aniwekee sindano niisikie kwa simu.