Naombeni ushauri: Dar hadi Pretoria kwa Harrier, mimi, mke na watoto wawili

Baba Wawili

Wakuu, habari za jioni. Dada yangu anaishi Pretoria mwaka wa sita sasa na kila Desemba ananiita. Nauli ya ndege kwa watu wanne imenishinda, basi nimesema mwaka huu tunakwenda kwa gari. Gari ni Harrier tako la nyani, CC 2400, ipo mkononi mwangu miaka mitatu. Watoto wana miaka 9 na 6. Nataka tuondoke shule zikifungwa tu, turudi mwanzoni mwa Januari.

Mimi dereva wa Dar–Moshi tu, mpaka wa nchi sijawahi kuvuka na gari. Naomba mwenye uzoefu aniambie njia ipi nipite, karatasi gani zinatakiwa, na kama gari litafika. Mke wangu anasema nimechanganyikiwa. Msimuunge mkono haraka.

Suka wa Uyole

Mkuu, haujachanganyikiwa. Nimeendesha lori njia hiyo miaka kumi na moja, na kila Desemba napishana na familia za Wabongo kwenye gari ndogo kuliko yako.

Njia ziko mbili. Ya kwanza: Tunduma, Lusaka, Chirundu, Harare, Beitbridge (mpaka wa Zimbabwe na Afrika Kusini). Ya pili: Tunduma, Lusaka, Livingstone, Kazungula, halafu Botswana hadi Martin's Drift, unapoingilia Afrika Kusini. Kwa Desemba na watoto, Beitbridge isahau. Wazimbabwe wote wanaofanya kazi Afrika Kusini wanarudi nyumbani wiki hizo hizo, na Januari unaporudi wewe, wao wanarudi kazini, mpaka unajaa tena. Pita Kazungula.

Zamani pale tulivuka Zambezi kwa pantoni, lori linalala hata wiki likisubiri zamu. Tangu Mei 2021 kuna daraja la mita 923. Utaliona limepinda katikati, limekwepa ardhi ya Zimbabwe. Mpaka wenyewe ni kituo kimoja kwa nchi zote mbili, kama Tunduma.

Jumla hesabu kama kilomita 3,600 kwenda tu. Mimi ningegawa hivi: Dar mpaka Mbeya, ondoka alfajiri. Kesho yake Tunduma na kulala Mpika. Siku ya tatu Lusaka. Ya nne Livingstone, pumzika hapo siku nzima. Kisha Francistown, halafu Pretoria. Anayekuambia anaweza kwa siku tatu mwache aende, utamkuta njiani.

Mama Kelvin

Baba Wawili, mimi niko upande wa shemeji lakini nitakusaidia. Tulikwenda mwaka juzi, mume wangu akiendesha, mimi nikishika faili. Faili ndiyo safari yenyewe.

Kadi ya gari iwe kwa jina lako. Kama ni ya mtu mwingine, upate kiapo cha mwanasheria kwamba amekuruhusu kuitoa nje ya nchi. Kama gari lina mkopo, barua ya benki. Pasipoti za wote, hatuhitaji viza Zambia, Botswana wala Afrika Kusini kwa matembezi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto beba halisi, vyenye majina ya wazazi wote wawili. Kama mmoja wenu atabaki, aandike ridhaa na ipigwe muhuri kwa mwanasheria.

Halafu kuna kadi mbili za njano, usizichanganye kama sisi. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni bima ya gari ya COMESA (soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), unaikata hapa hapa kwa kampuni ya bima kabla hujaondoka. Tulipofika Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka wa Tunduma, ofisa akasema "yellow card", mume wangu akatoa ya chanjo kwa kujiamini kabisa. Yule baba alicheka mpaka akakaa.

Hiyo ya COMESA inafanya kazi Zambia, ukiingia Botswana haina kazi tena. Pale utalipia bima na ada ya barabara mpakani.

Suka wa Uyole

Dada amesema vyema. Niongeze: kila mpaka unapewa fomu ya kuingiza gari kwa muda. Ukitoka nchi hiyo hakikisha imegongwa muhuri wa kutoka. Usipofanya hivyo, kwenye vitabu vyao gari bado limo ndani, na utakaporudi watakudai ushuru.

Zambia kuna pia ushuru wa hewa chafu, tozo ya barabara kwa magari ya kigeni na ushuru wa halmashauri. Weka risiti zote, polisi wa njiani watazitaka. Bandika viakisi, vyeupe mbele na vyekundu nyuma, na pembetatu ziwe mbili. Stika ya EAT, alama ya gari la Tanzania, nyuma pia.

Kobe Mwendo

Tunduma usibadili hela kwa vijana wanaogonga kioo. Wanahesabu mbele yako, unaona kabisa, ukifika Isoka, mji wa mbele ndani ya Zambia, noti zimepungua. Nilipigwa hivyo 2019, na mimi ni mhasibu.

Mama Kelvin

😂 Pole mkuu.

Jambo lingine, Baba Wawili. Ukivuka Tunduma saa inarudi nyuma moja. Watoto wataamka saa kumi ya kule wakidai chai.

Nyama mbichi usiingie nayo Botswana. Wana uzio wa mifugo kwa ajili ya ugonjwa wa midomo na miguu, mnashushwa, mnakanyaga dawa, viatu vingine vilivyo kwenye buti vinatolewa pia. Wangu wa miaka saba aliona ndiyo sehemu tamu kuliko maporomoko. Na maporomoko yenyewe, ya Victoria pale Livingstone, Desemba upande wa Zambia maji bado machache, yanajaa kuelekea Machi na Aprili. Msiwaahidi watoto makubwa.

Baba Wawili

Asanteni sana, naandika yote. Je, usiku? Nilifikiri niendeshe usiku watoto wakiwa wamelala, barabara iko wazi.

Suka wa Uyole

Hapana. Hilo nakukataza kama mdogo wangu.

Mlima Kitonga unataka kuupita mchana ukiona lori lililokufa breki liko wapi. Kati ya Mpika na Serenje nilipopita mara ya mwisho mashimo yanameza gurudumu, na lori likiharibika wanaweka matawi tu barabarani. Kazungula hadi Nata, kule Botswana, ni tembo. Tembo hana taa wala macho yake hayang'ai kama ya swala, unamwona akiwa ukuta. Ukipita Nata ni punda na ng'ombe, lami bado ina joto wanalala juu yake. Saa kumi na mbili jioni uwe umeshapata chumba.

Fundi Mwananyamala

Nimesoma yote, hakuna aliyegusa gari. Hiyo CC 2400 ni injini ya 2AZ. Nzuri, ila nyingi zikizeeka zinakula oili bila moshi, bila tone chini. Dar–Moshi huwezi kugundua, kilomita 3,600 zinatosha kuua injini. Badilisha rejeta kama imechoka, mipira yote ya maji, tairi angalia na tarehe, si kashata (meno ya tairi) peke yake. Beba lita nne za oili.

Swali moja: lini mara ya mwisho umechomoa kijiti cha oili ukaangalia?

Baba Wawili

Nimetoka nje na tochi sasa hivi. Service ilikuwa Agosti.

Kijiti kimetoka kikavu, ncha tu ndiyo imelowa. Mke yuko dirishani ananiangalia.

Fundi Mwananyamala

Usiwashe. Ongeza lita moja usiku huu, kesho saa mbili niletee.