Betula inatoa povu jikoni: jiko bovu au kuni?

Kichwangumu:
Wakuu, habari zenu. Nimenunua magogo ya betula, ule mti wa gome jeupe linalobanduka kama karatasi. Muuzaji anaapa yana mwaka mzima tangu yakatwe. Nikiyatia kwenye jiko la chuma, gome linashika moto vizuri mno, halafu moto unadorora, ncha zinatoa povu na kioo kinakuwa cheusi tii. Shida ni jiko?

Shoka Butu:
Jiko halina kosa, mkuu. Na muuzaji huenda hakudanganya. Ungemuuliza yalipasuliwa lini, siyo yalikatwa lini. Gome la betula lina mafuta na halipitishi maji, ndiyo maana linawaka hata likilowa. Gogo likiachwa zima, gome hilohilo linafungia unyevu ndani, na badala ya kukauka gogo linaoza. Nje linapendeza, ukilipasua unakuta mti mwepesi wenye mabaka ya kahawia, unaingia ukucha. Wa hivyo hata ukikauka hauna joto la maana.

Pasua moja, upime unyevu katikati ya upande uliofunguka. Ncha hukauka kwanza, zitakudanganya. Ikisoma chini ya asilimia 20, washa.

Kichwangumu:
Nimepasua. Ndani ni peupe, hapajaoza, ila kipimo kinasema 31. Nimenye magome?

Shoka Butu:
Ya nini kujichosha? Ukishapasua, maji yana pa kutokea. Fanya vipande vya unene wa mkono, vipange juu ya fito visiguse ardhi, funika juu tu. Ubavuni acha wazi upepo upite. Wanaozungusha turubai mpaka chini wanafuga ukungu. Msimu mmoja wa jua na upepo kwa kawaida unatosha. Baadaye gonganisha viwili: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mdundo mzito.

Magome yanayobanduka yenyewe usitupe. Kipande cha upana wa vidole viwili kinawasha jiko bila gazeti. Usijaze jiko magome matupu tu, moshi wake una masizi mengi.

Bi Majivu:
Naongeza moja. Betula huisha upesi kuliko kuni za mti wa mwaloni, na watu wakiona hivyo wanabana hewa ili moto ulale mpaka asubuhi. Moshi unapoa kwenye bomba, unaganda kuwa lami, na lami hiyo ikishika moto nyumba iko hatarini. Mwanangu, kwa hizo kuni mbichi ulizokwisha choma, bomba lisafishwe kabla hujawasha tena.

Kichwangumu:
Asante, Bi. Nilikuwa nabana hewa kweli. Naita fundi wa bomba kesho.

Shoka Butu:
Msikilize Bi Majivu. Ila kwenye mwaloni mimi sihami: unakaa sana, sawa, lakini jioni nataka kuona mwale, na mwale wa betula kavu hauna mpinzani. Tia vipande vidogo vidogo mara kwa mara, hewa ikiwa wazi.