Wifi kalamba kidole akafungua daftari langu la bajeti mbele ya wageni

Mama_Watatu (mleta mada)

Wadau wageni wameondoka hata saa haijaisha na mikono bado inanitetemeka, kwa hiyo makosa ya kuandika mtanisamehe. Ni yule wifi. Sina haja ya kumtaja, mliosoma nyuzi zangu za nyuma mnamjua, yule yule wa kufunua masufuria kabla hajasalimia.

Leo kaja. Nimemwacha sebuleni na watu dakika tano tu nikambadilishe mdogo, narudi nakuta kashika daftari langu la matumizi. Lile la jalada la bluu, kona moja imetafunwa na huyu wa miaka miwili. Na halikuwa mezani, lilikuwa JUU YA KABATI, maana yake mtu kainuka, kanyoosha mkono, kapapasa mpaka kalipata. Halafu kalamba kidole. Kalamba kidole jamani, taratibu, kama mtu anayehesabu noti zake mwenyewe, akafungua ukurasa na kuanza kusoma kwa sauti ya taarifa ya habari. "Pampasi. Pampasi. Maziwa ya kopo. Sabuni. Pampasi." Kanyamaza. Kalamba tena. "Hivi wifi, hizi pampasi mnavaa au mnatafuna?"

Watu saba wakacheka. Saba, nimewahesabu. Mume wangu akajifanya anatafuta rimoti, na rimoti iko mkononi mwake.

Sasa nauliza, mtu ambaye hajawahi kukesha na kichanga hata usiku mmoja anapata wapi mdomo wa kuuliza hivyo? Mtoto wa wiki sita anabadilishwa mara 8 mpaka 12 kwa siku, chukua 10 tu, mwezi wa siku 30 ni pampasi 300. MIA TATU. Na huyu wa miaka miwili bado anavaa usiku. Sijazitafuna mimi! Kila moja nimeiandika, siku niliyonunua, idadi, zimebaki ngapi. Nyumba hii hakuna sarafu inayotoka bila kupita kwenye lile daftari, hata ile iliyoangukia nyuma ya kochi niliiandika siku nilipoiokota. Halafu mtu analamba kidole!

Na hakuishia hapo. Alipofika kwenye maziwa akatoa ushauri, eti "si upunguze vijiko uongeze maji, kopo litafika mwisho wa mwezi". Mbele ya watu. Na kuna waliotikisa vichwa kumkubalia.

Nimenyamaza. Nimechukua daftari, ukurasa umelowa pale alipogusa. Umelowa kabisa, wino wa "sabuni" umeenea mpaka kwenye "nauli". Nimelowekewa bajeti na mate ya mtu. Mpaka sasa nakiona kile kidole.

Siti_ya_Mbele

Nimeshakaa, endelea dada. Huyu wifi wa masufuria namsubiri tangu uzi wa mwaka jana, nikajua lazima atarudi na kubwa kuliko.

Baba_Mtulivu

Mleta mada, nimesoma povu lote hili nikitafuta kosa nimekuta kidole. Daftari la matumizi ni la nyumba nzima, halina siri. Kama hutaki lisomwe fungia ndani. Na kilichowachekesha watu ni lile swali, hawakukucheka wewe.

Mama_Watatu

@Baba_Mtulivu juu ya kabati ni hadharani? Wewe ukienda kwa watu unapapasa juu ya makabati yao? Na kama ni la nyumba nzima mbona naandika mimi peke yangu, mbona hakuna mwandiko mwingine humo hata mstari mmoja? Yule hakulisoma, ALILILAMBA.

Zamu_ya_Usiku

Mie nafanya kazi wodi ya watoto, ya kidole nawaachia wenyewe ila hili la maziwa sitapita kimya. Mtu yeyote anayesoma hapa ASIONGEZE MAJI kwenye maziwa ya kopo kuliko kopo linavyosema. Figo za kichanga hazijakomaa, maji yakizidi chumvi ya mwilini inashuka na mtoto anaweza kupata degedege. Na hata asipofika huko, tumbo linajaa maji, shibe ya uongo, uzito hauongezeki. Maziwa kiasi gani, maji kiasi gani, imeandikwa pale pale kwenye kopo na kijiko kinatoka humo humo. Aliyeshindwa kununua kopo aende kliniki aseme wazi, atasaidiwa kupanga. Mama watatu wewe ulianza kopo kwa nini?

Mama_Watatu

Nanyonyesha dada, ila uzito wake ulikuwa hausogei na kliniki wakasema nimwongezee kopo. Kila kijiko nakisawazisha kwa kisu kama nilivyoelekezwa. Ndiyo maana nilitaka kulia, maana kile kisu ananiona nacho kila akija, anajua kabisa. Halafu analamba kidole anageuza ukurasa kama hajasema kitu.

Kobe_Mzee

Mama zetu walilea watoto kumi bila kopo wala pampasi, vitambaa tu, na tumekua. Kizazi hiki pesa zote mnazifunga kwenye makalio ya watoto halafu mnafungua uzi kulia.

Nanga

@Kobe_Mzee na vitambaa vilikuwa vinajifua? Mimi nimetumia vitambaa kwa mtoto wa kwanza, njoo uniulize. Mara kumi kwa siku, maji, sabuni, kuanika, mvua ikinyesha siku mbili nyumba nzima inanuka mkojo. Bajeti ya pampasi ilihamia kwenye sabuni na mgongo wangu. Vinaokoa pesa, sikatai, tena nyingi tu kama una zaidi ya mtoto mmoja maana vinarithiwa, ila usiseme ni bure. Saa za mama hamziandikagi popote.

Tena mleta mada shukuru wako ni wifi anakuja na kuondoka. Mimi wangu ni mume. Kasikia pampasi za jumla ni nafuu, kaenda kanunua maboksi mpaka mlango wa chumba ukawa haufunguki vizuri, ZOTE saizi ya kichanga. Mtoto wa miezi mitano hivi anakuwa amefikia mara mbili ya uzito aliozaliwa nao, akifika mwaka ni mara tatu, asa hiyo saizi ndogo atavaa lini? Wangu alizivaa wiki tano. Boksi nne hazijafunguliwa. Bwana anafutia pikipiki, na akinyoosha ile pampasi kuifuta tangi ananiangalia usoni kabisa.

Siti_ya_Mbele

@Nanga hii ya pikipiki ilistahili uzi wake 😂😂 anafutia kwa upande wa gundi au?

Nanga

Upande wa ndani. Anasema unavuta mafuta vizuri. Sitaki hata kuongea.

Bibi_Harusi_Mstaafu

Afadhali nyie vya kwenu vina kazi. Mama mkwe wangu kila akija analeta midoli ya kupiga kelele, na haijawahi kuja na betri hata siku moja. Betri nanunua mimi, inalia wiki nzima saa kumi na moja alfajiri, inaisha, mtoto analia, nanunua tena. Yeye anaitwa bibi mwenye zawadi na mimi ndiye ninayelipia zile kelele!! Siku hizi natoa betri nasema umeharibika, nikienda kuoga nakuta ameshanunuliwa nyingine na baba yake.

Bahasha_Nne

Mleta mada tatizo lako ni daftari. Daftari linasomeka. Tumia bahasha, mshahara ukiingia unagawa, chakula bahasha yake, watoto yake, nauli yake, dharura yake, ikiisha imeisha hadi mwezi ujao. Wifi akichungulia anakuta karatasi tupu.

Kijiko_Kimoja

@Bahasha_Nne kwangu bahasha zilidumu siku tisa. Mume anachukua ya dharura "nitarudisha jioni", dharura yenyewe mpira unaonyeshwa mahali fulani. Mpaka leo ile bahasha ina kikaratasi tu chenye mwandiko wake, "nadaiwa". Nimekitunza, watoto wakikua nitawaonyesha. Bora pesa ikae kwenye simu yenye namba ya siri.

Bahasha_Nne

Kwenye simu ndiyo inayeyuka, huioni ikiondoka, makato kila unapogusa. Pesa unayoishika inauma kuitoa. Tatizo lako mume, si bahasha.

Kijiko_Kimoja

Mume wangu usimguse wewe, nimemlalamikia MIMI.

Baba_Mtulivu

Haya sasa, tumefika kwenye waume. Nilijua tu.

Mama_Watatu

Jamani turudi. Kuna kitu sikukiandika mwanzo kwa sababu nilikuwa bado nina hasira, sasa nina maumivu tu.

Nyuma ya daftari nina ukurasa wangu. Juu nimeandika "Mimi", basi. Chini yake kuna mstari mmoja, "miwani", nimeuandika mwezi wa kwanza nikaukata, mtoto aliugua. Mwezi uliofuata nimeandika tena "miwani", nikaukata, mtoto wa kwanza viatu vilimbana ghafla na shule ilikuwa Jumatatu. Mwezi wa tatu tena. Nimeandika mara nne na kukata mara nne, na sindano ya kushonea siku hizi natungiwa uzi na mtoto wa miaka sita maana tundu silioni.

Alifika huko. Alilamba kidole mara ya tatu akafika kwenye ule ukurasa, akasoma "Miwani. Kimekatwa. Miwani. Kimekatwa. Miwani," akanitazama na kusema "kumbe na anasa unajipangia". Hapo ndipo walipocheka kwa nguvu zaidi. Hapo ndipo mume wangu alipopata rimoti.

Ninachotaka kujua ni kimoja tu, mnisaidie nimwambie nini Jumapili, maana kasema Jumapili anarudi.

Zamu_ya_Usiku

Pole sana mdogo wangu. Macho si anasa. Mwambie baba watoto auandike yeye ule mstari, kwa mkono wake, mwezi huu, na asikate.

Siti_ya_Mbele

Pole dada. Ila Jumapili tulete mrejesho mapema, nataka kupanga ratiba.

Kobe_Mzee

Hapo kwenye miwani hata mimi wifi simtetei. Pampasi bado nabishana.

Mama_Soksi

Mleta mada umetaja viatu ndo nimekumbuka, hivi wenzangu mnanunua vinavyomkaa sawasawa au mnaongeza? Wangu wa miaka miwili kila baada ya miezi miwili mitatu vidole vimefika mbele.

Nanga

Acha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, isizidi, kikimzidi sana anajikwaa. Na mpime jioni, asubuhi mguu haujavimba.

Bibi_Harusi_Mstaafu

Mpime akiwa amesimama! Akikaa mguu unadanganya. Na pima miguu yote miwili, mmoja huwa mkubwa.

Mama_Soksi

Sasa wangu kapoteza cha kushoto jana tu, kipya, na cha kulia kipo. Kuna mwenye mtoto aliyepoteza cha kulia, namba 24?

Kijiko_Kimoja

Ninacho cha kushoto namba 25. Rangi gani?