Simba wa McMillan: wabaki mlangoni au waondoke?

Njeri wa Banda: Nimepita Maktaba ya McMillan hapa Nairobi leo. Hao simba wawili wa mawe wa mlangoni na zile nguzo nene, tuviache tu? Lady McMillan alilijenga jengo hilo kumkumbuka mumewe, likafunguliwa 1931, na kwa zaidi ya miaka 25 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Halafu ngazi zote hizo, na mama yangu anatembelea mkongojo.

Fundi Mwashi: Nguzo zinabeba paa la baraza. Ukizitoa linakuangukia.

Njeri wa Banda: Nani kasema nguzo zitolewe? Nimesema simba!

Kaloleni Damu: "Na zile nguzo nene." Soma ulichoandika, dada.

Karani Mstaafu: Vijana, jengo hilo lina sheria yake, Sura ya 217 ya Sheria za Kenya. Huamki tu asubuhi ukaenda na nyundo. Na McMillan alikuwa Mmarekani, si Mwingereza. Amezikwa mlima Ol Donyo Sabuk.

Kaloleni Damu: Mmarekani, Mwingereza, kwetu mlango ulikuwa ni uleule, umefungwa. Wale simba ni mbwa wa getini tu.

Simba Bila Meno: Simba amekuwa wa Mzungu tangu lini? Tazama nembo ya taifa, simba wawili na ngao katikati. Nao tuwafukuze?

Kaloleni Damu: Nembo usinitajie. Yule jogoo na shoka lake kwenye ngao ni chama cha KANU tupu, na mpaka leo tunatembea naye kwenye pasipoti.

Karani Mstaafu: Jogoo ni alama ya mwanzo mpya. Kama hukuishi enzi zile, nyamaza.

Kaloleni Damu: Mzee, mimi nilisimama kwenye mlolongo 1988, tulipopiga kura kwa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Jogoo hunifundishi.

Karani Mstaafu: Kumbe! Basi kijana nimekukosea. Ulisimama nyuma ya nani?

Binti Makadara: Jamani, simba. Nilipohitimu nilipigwa picha nimemwegemea yule wa kushoto, saa moja asubuhi mwezi wa saba, baridi ya jiwe ikapenya joho mpaka mbavuni. Picha iko ukutani kwa nyanya. Mkimtoa, nitamwambia nini?

Simba Bila Meno: Wa kushoto ukiwa unaingia au ukiwa unatoka?

Kaloleni Damu: Mnalia na simba wa mjini. Matawi ya maktaba hiyohiyo, Kaloleni na hapo kwako Makadara, hayana hata paka mlangoni.

Binti Makadara: Paka wapo. Wamelala juu ya meza.

Njeri wa Banda: Na ngazi je?

Fundi Mwashi: Mteremko wa kiti cha magurudumu ni moja kwa kumi na mbili. Kila sentimita 15 za kupanda zinataka mita 1.8 za urefu. Hesabu ngazi zako, utajikuta katikati ya barabara. Pitieni ubavuni.

Njeri wa Banda: Yaani mama aingilie mlango wa nyuma, kama 1931?

Karani Mstaafu: Kaloleni Damu, hujanijibu. Nyuma ya nani?